Buti Jozi Moja za Kupandia na Kushukia: Nimjibu Nini Mchumba Wangu?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa Nyegezi, umri wangu miaka 31, na kwa miaka kadhaa sasa ni muuguzi huko Innsbruck, Austria. Nakuandikia nikiwa likizo hapa Mwanza, nyumbani kwa mama. Najua barua nyingi unazopokea ni za ndoa na mirathi. Yangu ni ya viatu, lakini nakuomba uisome mpaka mwisho, maana inaninyima usingizi.

Mchumba wangu ni kijana wa Tirol, jimbo la huko huko Innsbruck. Kwao mtoto hufungwa skii miguuni, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, kabla hajaanza shule. Yeye anapenda zaidi kuupanda mlima kwa miguu yake. Unabandika ngozi maalumu chini ya skii ili zisirudi nyuma, unaacha kisigino cha buti kikiwa huru, unapanda saa mbili au tatu. Ukifika juu unabandua ngozi, unafunga kisigino, unashuka kwenye theluji ambayo hakuna mashine iliyoisawazisha. Wenzangu wa wodini wao huenda kwenye vituo vyenye lifti. Wanapandishwa, wanateleza kwenye njia zilizosawazishwa, wanapandishwa tena, hivyo hivyo mpaka jioni. Mimi nimejaribu yote mawili.

Kupanda nakupenda sana, Shangazi. Nimekulia kwenye majabali haya ya Mwanza, utotoni tukiyapanda kutafuta kuni, na kule mlimani pumzi yangu haikati. Kushuka ndiko kunakonitesa. Mara ya mwisho tulipotoka, nilishuka kwa ubavu kipande kwa kipande, nalia ndani ya miwani, naye ananisubiri chini akidhani nimesimama kupiga picha. Sikumwambia, na mpaka leo sijamwambia.

Buti sijawahi kuwa nazo. Kwenye kupanda naazima za wifi yangu. Kituoni nakodi, na msimu uliopita walinipa namba 26.5 baada ya kuwaambia navaa viatu namba 40. Ikifika mchana vidole vimekufa ganzi, na ukucha wa kidole gumba uligeuka mweusi ukang'oka. Mguu wangu ni mpana mbele, kisigino chembamba, mgongo wa mguu umeinuka, na shavu la mguu ni nene.

Sasa mchumba wangu ameona mtandaoni buti za kike za kupandia, nyepesi, kilo 1.2 kila mguu, zimepunguzwa bei hadi yuro 480. Anasema nitazitumia na kwenye lifti pia, jozi moja inatosha. Zimebaki za 26.5, naye anasema hiyo ndiyo namba yangu, tena hizi zina nafasi kuliko zile za kukodi. Tutachangia nusu kwa nusu. Anataka jibu kabla ya Jumapili. Rafiki yangu wa kazini ananiambia niachane nazo, ninunue buti ngumu za lifti nijifunze kwanza kushuka. Mwingine anasema zipo za katikati zinazofanya yote.

Nikafanya kosa la kumtajia mama bei kwa shilingi, ambayo ni zaidi ya milioni moja. Hakunigombeza. Aliliangalia dirisha la sebuleni, ambalo nimeahidi kuliwekea vioo tangu mwaka jana, akauliza, "Viatu vya kuvaa miezi mitatu?" Tangu hapo sina raha.

Nikikataa, mchumba wangu ataona nayakataa maisha yake. Nikikubali, naona kama nanunua maumivu kwa hela ya vioo. Nifanyeje, Shangazi?

Binti wa Nyegezi

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na karibu nyumbani.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kabla ya kurudi Mwanza niliwahi kufanya kazi Austria, kwenye duka la kukodisha vifaa vya skii, na nimewaona wanawake wengi wakivuliwa buti wakiwa na machozi. Kwa hiyo sikuchukulii kama mtu anayelalamikia viatu. Nakuona una mguu unaouma, woga ambao hujaufungulia mdomo, na watu wawili unaowapenda ambao kila mmoja anaonekana kukutaka uchague upande wake. Vyote hivyo umevifunga kwenye furushi moja na kuliita buti.

Tuanze na mguu wenyewe, maana nadhani hapo mmekimbia.

Wewe na mchumba wako mmekubaliana kwamba buti za 26.5 zilikuumiza kwa sababu zilikubana, na kwamba dawa ni nafasi. Je, kuna aliyewahi kuupima mguu wako? Namba za buti za skii ni sentimita za urefu wa mguu, si kitu kingine. Mtu anayevaa viatu namba 40 mara nyingi mguu wake una sentimita 25 hivi, 25.5 pengine. Kama ndivyo ulivyo, ulipewa buti zenye sentimita moja au zaidi ya ziada. Maduka ya kukodisha hufanya hivyo kila siku, kwa sababu mteja anayeingiza mguu kwa urahisi haleti usumbufu pale kaunta.

Usumbufu huanza huko juu. Ukishuka, mguu unateleza ndani ya buti na kucha zinagonga ukuta wa mbele. Ukiona mguu unacheza, unakaza bizimu. Bizimu zinaukandamiza mgongo wa mguu, na wako umesema umeinuka, mahali ambapo mishipa ya damu na ya fahamu hupita karibu na ngozi. Damu haifiki vidoleni, vidole vinapoa, ganzi inaingia. Ukucha mweusi unaweza kuletwa na buti fupi, ni kweli, lakini unaweza kuletwa na buti ndefu vilevile. Kuuliza "inauma?" peke yake hakutenganishi hayo mawili.

Kwa hiyo kesho jioni, baada ya shughuli, miguu ikiwa imevimba kidogo kama inavyovimba mlimani, simama juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta, uzito wote kwenye mguu huo. Mama akuwekee alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Pima kwa rula, miguu yote miwili. Pima pia upana, pale mguu unapotanuka nyuma ya vidole. Upana nao una vipimo vyake. Buti nyembamba huwa na milimita 98 hivi, za wastani 100, pana 102 au zaidi, na takwimu hizo kwa kawaida hutolewa kwa buti za 26.5, yaani namba ndogo hupungua kidogo. Mguu mpana hutafutiwa buti pana za urefu wake. Ukichukua buti ndefu badala ya pana, mbele unapata nafuu lakini kile kisigino chako chembamba kinabaki kinaelea, na kisigino kinachoinuka wakati wa kupanda huchubuka mpaka damu.

Jambo lingine la kujua ni kwamba kwa kampuni nyingi, 25 na 25.5 hutumia ganda moja la plastiki, na 26 na 26.5 ganda lingine. Tofauti ya nusu iko kwenye kiatu laini cha ndani au kwenye soli yake tu. Dukani mwambie fundi akitoe hicho kiatu cha ndani, uingize mguu kwenye ganda tupu, vidole viguse mbele, kisha atazame nyuma ya kisigino. Pakiwa na nafasi ya sentimita moja hadi mbili, urefu unafaa, na kwa anayepanda sana ni vizuri isikaribie sana ile moja. Baada ya hapo vaa buti kamili na soksi moja nyembamba, funga, simama wima. Vidole vitagusa mbele, usishtuke. Kunja magoti, vitarudi nyuma. Kaa nazo miguuni dakika ishirini au zaidi, utembee nazo dukani, hata watu wakikutazama.

Usitulie pia kwa sababu tu zimeandikwa za kike. Kuna sababu ya kweli ya kuzitengeneza tofauti: kwa wanawake wengi msuli wa shavu la mguu huanzia chini zaidi, kwa hiyo shingo ya buti hufanywa fupi na yenye mdomo uliopanuka. Kwa mguu kama wako hilo lina maana kubwa. Lakini baadhi ya buti nyepesi za kupandia zina shingo nyembamba na bizimu mbili tu, na shavu nene likibanwa pale huondoa raha yote. Jaribu na za kiume pia kama mwili wako unazitaka. Mguu hausomi lebo.

Sasa hilo la jozi moja kwa kazi zote.

Mchumba wako hakosei kupenda buti nyepesi. Kwenye kupanda unainua mguu maelfu ya mara, na buti nzuri za kupandia hukunja kifundo mbele na nyuma bila kukuzuia. Buti za lifti huwa na kilo mbili hivi kila mguu, na nyingi hazina swichi ya kutembelea, ile inayolegeza kifundo. Ila uzito ule una kazi yake. Kwenye njia iliyosawazishwa na kugandishwa na baridi ya asubuhi, plastiki nzito humeza mtikisiko. Iliyo nyepesi hukuletea kila tuta mpaka gotini. Stadi halioni tatizo hilo, kwa sababu anasawazisha kwa mwili wake. Wewe ndiyo kwanza unajifunza.

Ugumu nao uufikirie. Namba za ugumu, 80, 90, 100, hazina kipimo kimoja kwa kampuni zote, kwa hiyo 100 ya huyu inaweza kuwa laini kuliko 90 ya yule. Laini mno, ukiegemea mbele buti hulegea na skii haikuelewi. Ngumu mno, ugoko wako haupati mahali pa kuegemea kwa utulivu, unaketi nyuma, na anayeketi nyuma skii hukimbia naye. Ulishuka ukilia ukiwa na buti za wifi yako, zilizotengenezwa kwa mguu na mazoea ya mtu mwingine. Sisemi woga wako wote umo ndani ya buti. Nakuuliza tu kama umewahi kushuka hata siku moja ukiwa na buti zinazokushika sawasawa.

Kuna na swali ambalo halimo kwenye barua yako, nami lingenitia wasiwasi kuliko bei: pale kwenye lifti, buti hizo zitafungwa kwenye skii zipi? Soli za buti za lifti hufuata kanuni ya kimataifa ya ISO 5355, au ile mpya zaidi ya GripWalk, ya soli zinazorahisisha kutembea. Buti za kupandia zina soli nyingine, ISO 9523, na zilizo nyepesi sana pengine hazifuati hata hiyo. Vishikizo vya kawaida vya skii za kukodi, yaani vifaa vinavyoishika buti kwenye skii, havikutengenezwa kwa soli hizo. Ukilazimisha, vinaweza visiuachie mguu unapoanguka, na linaloumia hapo ni goti. Wanawake katika mchezo huu huumia kano ya mbele ya goti mara nyingi kuliko wanaume, na wewe ni muuguzi, huhitaji nikueleze maana ya miezi ya kukaa bila kazi. Utaweza kwenda kituoni na skii zako za kupandia zenye vishikizo vya pini, vile alivyobuni Fritz Barthel wa Tirol katika miaka ya 1980. Ni vyepesi ajabu, lakini vingi havikuachii mguu kwa namna ile ile ya vishikizo vya lifti. Muulize mchumba wako amepanga nini hapo. Pengine analo jibu zuri. Kama hana, basi "jozi moja" inakuja na gharama nyingine nyuma yake.

Zile za katikati alizokutajia rafiki yako zipo kweli. Nyingi zina kilo 1.5 hadi 1.7, soli za GripWalk, matundu ya pini mbele na nyuma, na swichi ya kutembelea. Hatari yake ni kwamba kwenye kupanda utabeba zaidi kuliko mchumba wako, na kwenye barafu ya kituoni hutapata utulivu wote wa buti za lifti. Bei yake mara nyingi iko juu ya yuro 480. Lakini jiulize: wewe ambaye pumzi si tatizo lako, gramu mia tatu hadi mia tano za ziada zitakutesa kama ambavyo mtelemko unakutesa sasa?

Ukinunua za lifti kwanza kama asemavyo rafiki yako, utajifunza kushuka ukiwa umeshikwa vizuri. Gharama yake ni kuendelea kuazima au kukodi za kupandia, na siku za mlimani na mchumba wako, unazozipenda, zinaweza kupungua. Ukichukua nyepesi, mambo yanageuka. Unaweza pia kukodi kwa msimu mzima, maduka mengi kule yanafanya hivyo, ila safari hii uingie dukani na sentimita zako mkononi. Za mtumba tahadhari nazo, plastiki huzeeka na kiatu cha ndani kimeshachukua umbo la mguu wa mwenyewe. Na ukiishia na jozi mbili, usione aibu: wavuvi wetu wa Kirumba wana nyavu za dagaa na nyavu za sangara, na hakuna anayewaona hawajui wanachotaka.

Kuhusu kununua mtandaoni, sheria za Umoja wa Ulaya zinakupa siku 14 za kughairi ununuzi. Siku hizo huhesabiwa tangu mzigo upokelewe. Mzigo ukipokelewa Innsbruck nawe uko Nyegezi, zinaweza kwisha kabla hujatia mguu. Na kiatu cha ndani kikishapashwa moto ili kichukue umbo lako, hakuna wa kukirudishia. Fundi mzuri wa buti anaweza pia kulipasha ganda na kulitanua pale mguu wako ulipo mpana. Za lifti hukubali kwa urahisi. Plastiki ngumu za buti nyepesi hukubali kidogo tu.

Nije kwa mchumba wako. Unaogopa ataona unayakataa maisha yake. Lakini mwanangu, anamchagulia buti mwanamke anayemdhani alikuwa anapiga picha. Hajui. Akilikosea chaguo, amelikosea akiwa gizani, na taa iko mkononi mwako. Kumwambia kuna hatari zake. Anaweza kuumia kwamba ulimficha, au akaamua kukufundisha mwenyewe, na mafunzo ya wapenzi mlimani huishia kwa kununiana. Zipo shule za skii zinazofundisha watu wazima, na si aibu. Kutomwambia nako kuna hatari, kubwa zaidi kwa maoni yangu, na si ya mapenzi tu. Nje ya njia zilizosawazishwa, kundi huchagua mtelemko kwa kumwangalia aliye dhaifu kuliko wote siku hiyo. Anayekuongoza akiwa hajui ulivyo, anakupeleka mahali anapodhani unapamudu. Taarifa ya maporomoko ya theluji, yenye ngazi 1 hadi 5, inamwambia hali ya mlima. Hali yako wewe ataijua kwako tu. Na kama bado hamjazungumza nani anakununulia kifaa cha mawimbi, sepetu na fimbo ya kutafutia mtu chini ya theluji, na wapi utafunzwa kuvitumia, hilo nalo liingie kwenye hesabu kabla ya buti za bei ya punguzo.

Mama yako. Aliuliza swali, nawe ukalisikia kama hukumu. Umewahi kumweleza unachokipata kule juu? Yeye ndiye aliyekuona ukipanda majabali ukiwa mdogo, huenda akaelewa haraka kuliko unavyotarajia. Ahadi ya vioo ni yako uliyoitoa kwa hiari, na sitakwambia ije kabla au baada ya buti. Ninachokiona ni kwamba haina tarehe, na kitu kisicho na tarehe humuuma anayengoja kuliko kilichocheleweshwa kwa kutajiwa mwezi. Fundi wa vioo hapa mjini anaweza kukupimia dirisha wiki hii hii ukiwa bado upo, ujue ni shilingi ngapi hasa. Pengine hesabu hizo mbili hazigombani kama zinavyogombana kichwani mwako usiku.

Jumapili inakuja, na huhitaji kusema ndiyo wala hapana kufikia siku hiyo. Unaweza kumwandikia hivi: "Asante kwa kunitafutia. Kabla hatujalipa naomba nipime mguu, nadhani 26.5 si yangu. Na kuna jambo kuhusu kushuka sijawahi kukwambia, nataka tuongee kwa simu, si kwa ujumbe." Zile za punguzo zinaweza kuuzwa wakati mnaongea. Hilo lipime mwenyewe.

Ukishapata sentimita zako, urefu na upana, niandikie tena. Uniambie pia mwaka jana ulienda kwenye lifti mara nyingi au mlimani mara nyingi, maana barua yako imenieleza anachokipenda kila mtu aliyekuzunguka, nami ningependa kusikia msimu ujao wewe unataka kuutumia vipi.

Shangazi